Hata Eda Ina Siku Zake

(Haya nliyasema Wete, Pemba, ukumbi wa skuli, Jumamosi baada ya laasiri. Wengi mmeniomba niyaandike, basi nimeyaandika kama yalivotoka mdomoni, nimepunguza tu pale nilipokohoa na pale umeme ulipokatika.)

Assalaam alaykum. Mabibi, mababu, masheha wetu, na nyinyi wanangu mlokaa chini huko mbele, karibuni.

Kijana alonialika kaniandikia kwenye simu, "Bibi tuzungumzie ile miaka ya corona, kwa nini watu huko nje walichoka mpaka wakatoka barabarani kwa maelfu, mana sisi tulikuwa tunawaona kwenye TV tunacheka, tunasema hawa wazungu wana nini, kuambiwa uvae barakoa tu unachoma matairi". Sasa mie si daktari, wala si mtu wa siasa, na hilo mnalijua. Mie nakata tiketi. Miaka ishirini na kitu nimekaa kwenye meza moja Darajani, mjini Unguja, nakatia watu tiketi za Muscat, za Dubai, za London, na msimu ukifika wa hijja ndo silali kabisa. Kwa hiyo corona mie sikuiona hospitali, nimeiona kwenye karatasi. Karatasi zake nazijua zote, na hasira ya mtu mwenye karatasi mkononi naijua zaidi.

Kwanza tuwe wakweli. Sisi hatukufungiwa. Mgonjwa wa mwanzo Zanzibar katangazwa Machi 2020, skuli zikafungwa, watalii wakakatika, mikusanyiko ikakatazwa, ndoo za maji na sabuni zikajaa kila mlango, lakini misikiti haikufungwa, na Juni ile ile tukaambiwa nchi nzima corona imekwisha, wanafunzi wakaanza kurudi na ndege zikarudi. Majirani zetu Kenya wao marufuku ya kutoka usiku ilianza Machi 2020 ikaondolewa Oktoba 2021. Uganda skuli zilifungwa Machi 2020 zikaja kufunguka zote Januari 2022, karibu miaka miwili, mtoto alokuwa darasa la kwanza anarudi kakua hajui hata kushika kalamu. Kwa hiyo tukizungumza habari ya kuchoka sisi tuna adabu ya kusema tulichoka kidogo. Njaa ndo ilitufika kweli, mana watalii mwaka 2019 walizidi laki tano, mwaka 2020 wakawa kama laki mbili na sitini elfu, na hao wengi waliingia kabla ya Machi au mwisho wa mwaka. Waulizeni watu wa Nungwi na Paje. Lakini hiyo hotuba nyengine.

Mie nina sababu yangu ya kuwaelewa wale wa nje. Mume wangu, Mungu amrehemu, alifariki mwezi wa Shaabani, Aprili 2020. Si corona, presha na figo, alikuwa mgonjwa muda. Watu walikuja kuhani wamesimama mbali, mtu anakupa pole kwa kiwiko, sikuwahi kuona maisha yangu. Na mie nikaingia eda. Mnajua kizuka, mjane alie edani, anavokaa, miezi minne na siku kumi, hutoki bila dharura, hujipambi, hutii manukato, hata harusi ya mtoto wa dada yako inakupita dirishani unasikia ngoma tu. Ramadhani imenikuta ndani, Idi ndogo ndani, Idi kubwa ndani. Mkwe wangu alibandika kalenda nyuma ya mlango, kila magharibi anakata siku moja kwa kalamu nyekundu.

Binti yangu anakaa Manchester. Kule walifungiwa Machi 23, na siku chache kabla waziri mkuu wao, Boris Johnson, kasema wiki kumi na mbili zitatosha kuugeuza ugonjwa. Mtoto akanipigia, "Mama, wiki kumi na mbili tu, si kitu, we utatoka eda na mie ntatoka". Tukacheka. Wiki kumi na mbili zikapita. Zikaja nyengine. Ikafika Julai 30, usiku wa kuamkia Idi kubwa, kashapika, kashawaambia mashoga zake wa Kisomali na wa Kipakistani waje asubuhi, saa tatu usiku ya kule waziri wa afya anaandika Twitter kwamba kuanzia usiku huo huo, Manchester na miji ya jirani hakuna kuingia nyumba ya mtu. Saa tatu usiku! Idi kesho! Mie kwangu saa tano, nshalala, simu inalia, mtoto analia. Si kwa ajili ya biriani jamani. Akanambia maneno haya, nayakumbuka mpaka leo, "Mama wewe umebakiwa na siku ngapi?" Nikamwambia kesho Idi, halafu siku kumi na tano. Akasema, "Una bahati".

Mjane anaambiwa ana bahati. Nimekaa kitandani nikalifikiri hilo neno mpaka alfajiri.

Mana ni kweli. Mie nilikuwa nimefungwa zaidi yake, yeye anaruhusiwa kwenda dukani, kwenda kukimbia bustanini, lakini mie nina hesabu na yeye hana. Mwezi ishirini na tano Mfunguo Tatu, mwezi huo huo wa Idi kubwa, magharibi ikiadhiniwa, natoka, hakuna sheha wala waziri atakaeandika kitu saa tatu usiku akaniongezea wiki mbili. Na kwa sababu najua natoka lini, sijawahi hata siku moja kuhisi nimeonewa. Nimehuzunika, nimechoka, ndio. Kuonewa, hapana. Yeye Oktoba wakamfungia tena, Novemba nchi nzima, Januari 2021 nchi nzima mara ya tatu, wakapewa tarehe ya kumaliza yote, Juni 21, ikifika inasogezwa mpaka Julai 19. Mtu mzima anasogezewa siku kama mtoto anaeahidiwa pipi.

Na kumbe huku wanaoamrisha wenyewe wanafanya karamu. Mei 2020 watu wamekatazwa kumuaga mzazi wao hospitali, ofisi ya waziri mkuu bustanini wanakunywa. Polisi mwisho wakatoa faini 126 kwa mambo ya ofisi hizo za serikali, na Boris mwenyewe akalipa. Sheikh anaekula mchana wa Ramadhani nyuma ya pazia halafu jioni anakuja kukuhutubia saumu, utamsikiliza? Binti yangu alikuwa mtiifu mpaka hapo, baada ya hapo ikawa kila anachoambiwa anasema wakaanze wao.

(Hapa Maalim mmoja mstaafu alinyoosha mkono, na mie nshamjua, huyu hakuachii. Akasema, "Bibi, eda ina siku kwa sababu imeshawekwa. Ugonjwa hauna kalenda. Serikali itajuaje lini?")

Maalim, hilo suali ndo nilikuwa nalisubiri, nashukuru. Na jawabu lake liko huko huko kwenye eda. Mjane mwenye mimba, eda yake miezi mingapi? (Wanawake wakajibu wote, "Mpaka ajifungue!") Mpaka ajifungue. Hana tarehe. Anaweza kujifungua baada ya wiki moja, anaweza kukaa miezi saba. Lakini ana alama, na alama ile hata mtoto wa jirani anaiona, tumbo limeshuka, kichanga kinalia, eda imekwisha, hakuna wa kumbishia. Basi mie sikusema serikali itoe tarehe. Tarehe kwenye maradhi mapya ni uongo, na ndo ule uongo wa wiki kumi na mbili. Waseme alama. Waseme tunafunga kwa sababu vitanda vya wagonjwa mahututi vimejaa, vikishuka mpaka hapa, tunafungua, na nambari tunaibandika kila siku muione wenyewe. Mtu akiwa na alama ya kutazama anakuwa mwenzako, anahesabu pamoja na wewe. Ukimnyima anakuwa mfungwa, na mfungwa kazi yake ni kutafuta tundu.

Denmark wamejaribu hivo. Septemba 10, 2021 wakaondoa kila kitu, wakasema huu sasa si tena ugonjwa wa hatari kwa jamii kama ulivokuwa. Novemba hali ikachafuka wakarudisha pasi zao, zile za kuonesha umechanja, umepimwa au uliugua ukapona. Februari 1, 2022 wakaondoa tena, na siku hiyo waloambukizwa ni wengi kupita kiasi, lakini wametazama hospitali wakaona hazijazidiwa, watu wamechanja, wakasema alama yetu ni hospitali, basi. Sisemi kila mtu kule alifurahi, walokuwa wakiandamana walikuwepo. Nasema walijua wanahesabu nini.

Haya, tuje kwenye karatasi, hapo ndo kwenye meza yangu.

Mie nimeanza kuwapeleka watu hijja zamani, na hakuna aliewahi kwenda hijja kupitia kwangu bila kuchanja. Homa ya uti wa mgongo, sindano, kadi, mhuri. Saudia wanaidai miaka na miaka. Sijapata kumuona mzee hata mmoja wa Micheweni au Konde aliegomba kwa ile sindano, tena wengine wanaitunza ile kadi pamoja na cheti cha ndoa! Kwa nini? Mana sindano ni moja, ya wote, tajiri na maskini, ukishapiga umemaliza, inakaa miaka, na sababu unaijua, mamilioni ya watu mahali pamoja wanapumuliana. Kwa hiyo mtu asikwambie watu waliandamana kwa sababu hawapendi sindano. Wapo wasioipenda, ndio, na uvumi wa ajabu ajabu tuliusikia sote, mara utakuwa tasa, mara utakufa baada ya miaka miwili. Mie nimechanja mwaka 2021, ile ya Johnson & Johnson, Rais Samia alipochanja mbele ya kamera Julai 28 nami sikukaa sana, na mnaniona hapa nanenepa. Lakini wengi waliokuja mezani kwangu wamekasirika walikuwa wameshachanja. Hilo watu hawalijui.

Mana karatasi ilikuwa haitulii. Chukua Ufaransa. Agosti 2021 ukitaka kukaa mkahawani unywe kahawa lazima uoneshe pasi, lakini pasi unaweza kuipata kwa chanjo, au kwa kipimo, au kama uliugua ukapona. Sawa. Januari 2022 kipimo hakitoshi tena, ni chanjo au uwe uliugua ukapona, na aliechanja muda mrefu pasi yake inakufa mpaka apige ya kuongezea. Machi 14, 2022 yote ikasimamishwa. Sasa fikiria mtu mtiifu, kachanja mapema, sindano mbili, siku moja anafika mlangoni simu inawaka nyekundu. Kosa lake nini? Halafu wakati huo huo kimeshaingia kirusi cha Omicron, ambacho kilimpata aliechanja na asiechanja. Na hapa nataka tuelewane vizuri asije mtu akaenda kusema Bibi kasema chanjo haifai. Chanjo ile ilikuwa hodari sana kuzuia mtu asizidiwe, asife. Kuzuia asiambukizwe na asiambukize, ilikuwa nzuri mwanzoni halafu ikipungua baada ya miezi, na kwa Omicron ikapungua zaidi. Pasi ilijengwa juu ya hilo la pili. Sababu ilipoyeyuka karatasi ikabaki imesimama peke yake, kama mlango ulobaki baada ya nyumba kubomoka, na bado kuna askari anakwambia piga hodi.

Na dharau nayo. Septemba 2021 Uingereza wakatoa orodha ya nchi ambazo mtu alochanjwa huko anahesabika kachanjwa. Afrika haimo. Yaani mtu wa Nairobi kapigwa AstraZeneca, chanjo ya Oxford, nyengine zilizotolewa msaada na hao hao Waingereza, akifika London anahesabiwa hajachanja. Dawa yako mwenyewe umeingiza kwenye mkono wangu kisha unaniuliza hii nini. Walirekebisha baadae baada ya kelele, lakini mteja wangu mmoja alonieleza habari hii hapa mezani alikuwa anatetemeka, na si mtu wa hasira.

Kenya nao, waziri wao wa afya, Novemba 2021 akatangaza kuanzia Disemba 21 asiechanja hapati huduma za serikali, hali ya kuwa watu wazima wengi kabisa chanjo haijawafikia. Mahakama Kuu ikaisimamisha kabla haijaanza. Canada madereva wa malori wakaziba mji mkuu wiki tatu mwanzo wa 2022. Mie malori yale siyapendi, kupiga honi usiku kucha watu wana wagonjwa na watoto, huo si ustaarabu. Lakini chungu hakipasuki bure, mtu kaukalia mfuniko.

Nataka kurudi kwetu kidogo mana nikiishia Ulaya mtasema Bibi anakwepa.

Masaa sabini na mbili. Mnalikumbuka hili? Kipimo cha PCR kisizidi masaa 72 ukifika unakokwenda. Mtu wa Pemba sasa, mwenye safari ya Muscat. Anapanda boti aje Unguja, anapimwa, anasubiri majibu kwa jamaa, moyo uko juu, majibu yakitoka tayari masaa yameliwa nusu, ndege ikichelewa Addis au Doha karatasi imekufa, alipe tena. Nimepata familia, mama na watoto wanne, wamepima mara tatu. Mara ya tatu mama kaniuliza, "Hivi hawa wanatafuta corona au wanatafuta pesa?" Sikuwa na jawabu. Na Februari 2021 Oman ikafunga mlango kabisa kwa watokao Tanzania, waziri wao wa afya kasema wasafiri wetu asilimia 18 wakipimwa wanakutwa nayo. Uingereza wao walishatufungia Januari 22.

Sasa wao walijuaje na sisi hatujui? Hapo ndo panaponiuma mie. Tanzania takwimu za mwisho tumepewa Aprili na Mei 2020, wagonjwa 509, vifo 21, halafu kimya, mwaka mzima na zaidi. Watu wa Ulaya walichoka kwa kuhesabiwa kila jioni kwenye TV, sisi tulichoka kwa kutohesabiwa. Tunazika, tunaambiwa nimonia, changamoto ya kupumua, jina lolote isipokuwa jina lake. Mpaka Januari 31, 2021 chama cha Maalim Seif kikasema wazi, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar ana corona. Februari 17 kafariki. Mtambwe hapo, wengi wenu humu mlikwenda, mmemzika. Mie nasema, na asiependa anisamehe, yule mzee hata kwa kuumwa kwake alitupa hesabu, mana kuanzia hapo barakoa zikarudi usoni kwa watu bila ya askari kuamrisha, madukani pale Darajani nimeziona kwa macho yangu.

Kwa hiyo usione kule kufungiwa kupita kiasi na huku kufunguliwa moja kwa moja ukadhani ni vitu viwili mbali mbali. Mtu wa Manchester hakuambiwa mwisho wake uko wapi. Mtu wa Pemba hakuambiwa yuko wapi. Wote wawili wamechukuliwa kama watoto.

Nina mzee mmoja, jina nalihifadhi. Kauza karafuu misimu kadhaa anaweka pesa ya hijja kidogo kidogo kwenye kopo la maziwa, wallahi kopo, kanikabidhi mimi mwaka 2019 kwa ajili ya 2020. Mwaka 2020 hijja ikawa ya wakaazi wa Saudia tu, wachache mno. Mwaka 2021 tena wa huko huko tu, 60,000, waliochanja. Kila mwaka anakuja, nimeshachanja mwanangu, kadi hii hapa. Mwaka 2022 wakafungua milioni moja, nikafurahi, nasoma masharti, awe kachanja, ana PCR ya masaa 72, na awe chini ya miaka 65. Yeye ana 67. Alipoanza kusubiri alikuwa na 65. Nimemsomea. Kanyamaza, halafu kaniuliza, "Sharti la umri litatoka lini?" Nikasema mzee sijaambiwa. Akasema, "Basi nitakuwa nakuja kuuliza". Akaja kila mwezi, na boti, kwenda na kurudi. Mwaka 2023 likatoka, akaenda, karudi kaniletea tende na maji ya zamzam. Hakuandamana popote yule mzee. Lakini zile safari za boti mie naziita maandamano.

Nimeambiwa muda. Jambo la mwisho dogo.

Shirika la Afya Duniani limeitoa corona kwenye hali ya dharura Mei 5, 2023. Sasa kuna ofisi moja mjini Unguja, siitaji, mlangoni pana ile ndoo ya bluu yenye bomba, iko juu ya kistuli cha chuma. Bomba limevunjika zamani, sabuni hakuna, juzi nimepita nimekuta kuku kapanda kwenye mfuniko. Nikamuuliza mlinzi, mwanangu kwa nini hamuitoi hii? Kanitazama kama naulizia kitu cha ajabu, akasema, "Bibi, hatujaambiwa".